Kengele Iliyongoja Zamu

Kajiado,
Jumapili, 18 Mei 2025

Roy,

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama, hata Mungu nikiwa nimefunga macho. Lile kombe la kaunti la programu za kompyuta sikulishinda kwa haki.

Usicheke kwanza. Wewe hucheka kabla mtu hajamaliza.

Unakumbuka likizo ya Aprili, nikiwa kwenu Noonkopir, hapo Kitengela, vile ulinionyesha ile kompyuta ya zahanati ya uzazi unakofanya attachment? Kidude kidogo kama kipande cha sabuni, prosesa moja tu, na kazi mbili. Ya kwanza, mama akibonyeza kitufe kando ya kitanda, kengele ilie kwenye meza ya wauguzi. Ya pili, kila siku saa nane mchana ichukue rekodi zote za wagonjwa izisimbe, yaani izigeuze kwa hesabu ndefu ziwe maandishi yasiyosomeka, ili hata mtu akiiba kidude asijue nani alilazwa kwa nini. Hiyo ya pili ulinipa mimi. Nikaandika programu, na kwa majivuno nikaiweka ndani kabisa, kwenye kerneli, pale ambapo mfumo wote unatawaliwa.

Sasa sikiza. Ndani ya kerneli ni kama jikoni kwa nyanya yetu, Susu. Susu akishika mwiko, nani atamwambia asogee? Hesabu ikishika prosesa huko ndani, programu za nje haziwezi kuipokonya. Lazima iachie yenyewe, kwa hiari. Ndiyo maana niliandika ule mstari wa kuachia: simba kipande, achia prosesa wengine wafanye kazi zao, halafu rudi uendelee.

Shida ni kwamba nilikuwa naachia mara nyingi mno, baada ya vipande vidogo kama punje, na programu ikawa inajikokota. Siku moja kabla ya mashindano nikasikia wavulana fulani wa upande wa Rongai wako na yao inayokimbia kuliko yangu. Ningekaa nitafute kipimo kizuri cha kipande. Sikukaa. Nilifuta mstari wote. Programu ikatoka mbio kama swara.

Halafu jaji, mama mmoja wa miwani, akaniuliza, "Msichana, hesabu yako ikiwa huko ndani, haifungii wengine nje?" Unajua vile mimi huwa mbele ya watu. Nilitikisa kichwa tu kukataa. Ule ni uongo bila hata neno moja, Roy. Yeye akatabasamu, akadhani ni haya, akaandika alama.

Na flashi niliyokutumia baada ya mashindano ndiyo hiyo hiyo. Tafadhali rudisha mstari. Siku ya mashindano faili lilikuwa dogo, kule kufungia wengine nje kulikuwa kama kupepesa jicho. Lakini rekodi zikiongezeka, kufunga nako kutaongezeka.

Kombe liko ofisini kwa Principal. Mwalimu Wangila, wetu wa kompyuta, akipita na kidato cha kwanza hunisimamisha: "Mtazameni huyu." Nao wananitazama. Natamani sakafu ifunguke.

Barua hii anaibeba kaka yake Soipan, yule tunakaa dawati moja, akipita na lori la mbuzi kutoka Bissil. Jibu mpe yeye. Za posta Matron huzifungua.

Usimwambie Auntie Kalunde.

Mwelu


Kitengela,
Jumamosi, 24 Mei 2025

Champion wa Kajiado County!

Barua yako imefika ikinuka beberu. Mathe aliiona mezani akauliza kama nimeanza kuuza ngozi. Nikamwambia ni notisi za chuo. Kwa hivyo relax, Auntie wako hajui kitu.

Sasa wewe unalia juu ya mstari mmoja? Kuna watu wameiba kura na wanalala usingizi. Nimerudisha ule wa zamani, wa Aprili. Mashine iko poa. Wewe soma Kemia, hiyo ndiyo itakuua.

Habari za huku ni vumbi na mvua, vumbi na mvua. Pale zahanati Daktari Njuguna amenunua viti vipya vya wageni. Sister Waruguru yuko off kidogo, kuna nesi mwingine ameshikilia zamu yake. Mathe anakusalimia, amekuwekea blanketi ile ya kahawia, utapewa siku ya visiting.

Alafu, just kujua tu: bila ule mstari, mtu akibonyeza kitufe wakati hesabu inaendelea, ile kengele inapotea kabisa ama inakuja baadaye? Si lazima ujibu. Nilikuwa najiuliza tu.

Ni mimi,
Roy Musila, Mheshimiwa


Kajiado,
Jumapili, 1 Juni 2025

Roy,

Sijalala vizuri tangu jana, na wewe unajua kwa nini. Au hujui kwamba najua.

Mama alikuja visiting. Tuliketi kwenye nyasi karibu na tangi, amebeba chapati na dengu, anaongea tu vile yeye huongea, mimi natafuna. Akasema, "Ule muuguzi wa huko kwa Roy, Waruguru, wamemsimamisha kazi. Mama mmoja anaitwa Nduta alijifungua, damu ikaanza kutoka nyingi, akabonyeza kengele, akabonyeza, muuguzi anakuja baada ya dakika saba. Dakika saba, Mwelu! Wakamkimbiza na ambulensi mpaka hospitali kubwa hapa Kajiado, wakamwekea damu ndiyo akapona." Nikauliza na mtoto je. "Mtoto ni mzima. Lakini Waruguru anaapa kengele haikulia. Na mashine imetoa karatasi yenye saa ya kila kubonyeza! Wauguzi wa siku hizi kazi ni simu tu."

Chapati ilikwama kooni. Mama akanipiga mgongo akisema nimezidi tamaa.

Roy, swali lako la "just kujua tu" sasa nalijibu. Haipotei. Inakuja baadaye. Kidole kikigusa kitufe, ule mguso ni kama hodi, na kerneli huandika saa ya hodi papo hapo hata kama imeshikwa namna gani. Lakini anayeinuka kwenda kupiga kengele ni programu nyingine, ya nje, na hiyo lazima ingoje prosesa iachiliwe. Kwa hivyo karatasi ya Daktari inasema kweli kuhusu kidole cha Nduta, na inadanganya kuhusu masikio ya Sister Waruguru. Kengele yake ilikaa kwenye foleni nyuma ya hesabu yangu. Alipoisikia ndipo alipokimbia.

Yule Sister alituacha tujaribu vitufe vyote siku nzima mwezi wa nne. Alitupikia chai. Alisema, "Nyinyi watoto, mkiniharibia kengele nitawadunga sindano wote wawili, na sitachagua mahali." Tukacheka.

Niambie ilikuwa siku gani. Niambie kama barua yangu ilikuwa imefika. Na niambie kwa nini uliniandikia eti yuko off kidogo.

Mwelu


Kitengela,
Alhamisi, 5 Juni 2025

Mwelu,

Nimeandika hii mara tatu. Leo hakuna jokes.

Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini, hesabu ya saa nane ikiendelea. Barua yako ilifika Alhamisi ya wiki hiyo. Lori lilikuwa limekaa Bissil, sijui ni gurudumu. Kwa hivyo kama unajiuliza, hapana, nisingeweza kuzuia kwa barua yako.

Lakini ningeweza kuzuia bila barua yako. Hii ndiyo sijamwambia mtu.

Mfumo uko na soja wake. Wewe unamjua kuliko mimi. Yule anayeangalia kama prosesa imeshikwa na kazi moja muda mrefu sana, anapiga kelele kwa skrini na maandishi mekundu. Wiki ile niliweka flashi yako, Daktari alikuwa ameniambia niingize skani za ultrasound za miaka miwili iliyopita, zote zisimbwe. Faili likanona. Ijumaa soja akaanza: prosesa imekwama sekunde ishirini na mbili. Kesho yake tena, ndefu zaidi. Iko hapo kwa skrini ya mapokezi, na akina mama wameketi wanaisoma. Daktari akaniita: "Kijana, hii takataka ni ya nini? Watu watafikiri tuko na virusi."

Ningemwambia sijui, ngoja niulize. Lakini mimi ndiye "kijana wa kompyuta", unaelewa? Tangu nimefika hapo wananiita Engineer. Nikaingia, nikaandika sifuri pale pa soja, akalala. Daktari akanipiga bega. "Safi, Engineer." Jumanne Nduta akabonyeza, na hakukuwa na mtu wa kupiga kelele.

Sister alikuwa chumba cha kujifungulia na mama mwingine, mlango wazi, meza ya wauguzi iko hatua chache. Angesikia. Mimi nilikuwa mapokezi, Mwelu. Mimi pia sikusikia kitu. Daktari aliniuliza, "Mashine yako iko sawa?" Nikasema iko sawa.

Kikao ni Alhamisi ijayo, tarehe kumi na mbili. Wakimpata na makosa, anafutwa, na jina lake linapelekwa kule kwa baraza lao la wauguzi. Ana miaka kumi na tisa kwa hiyo kazi.

Sasa nisikize kama mkubwa wako. Nikisema, niko nje, na chuo hakinipi cheti. Wewe watakunyang'anya kombe mbele ya parade, na unajua vile wewe uko, hutainua kichwa tena mpaka umalize shule. Na mashine imeshatengenezwa! Hakuna mama mwingine ataumia. Labda kikao kitamwonea huruma. Tunyamaze tu, Mwe.

Kitu kingine. Ile ya Aprili niliyorudisha ni polepole sana. Inaanza saa nane, saa kumi na moja bado iko hapo. Daktari analalamika. Nipe kipimo.

Roy


Kajiado,
Jumamosi, 7 Juni 2025

Roy,

Kipimo kwanza, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee naweza kusema bila kutetemeka.

Jumapili za likizo, unanionaga kanisani nikimtafsiria mhubiri mgeni, Kiingereza kwenda Kiswahili. Watu hushangaa, huyu asiyeweza kuagiza soda anasimamaje madhabahuni. Ni rahisi, maneno si yangu. Sasa, kuna mhubiri mmoja kutoka Kimuka ambaye akishikwa na moto anasahau niko. Anapiga dakika nzima bila kupumua, mimi nimesimama mdomo wazi kama samaki, na wale akina mama wasiojua Kiingereza wanangoja tu, hawajui kama wanaokolewa ama wanalaaniwa. Hiyo ni programu ya flashi. Na kuna mwingine mzee, muoga, anasema neno moja ananitazama. "God." Mungu. "Is." Ni. Ibada inaisha saa tisa na watoto wamelala chini ya viti. Hiyo ni programu ya Aprili.

Mhubiri mzuri anasema sentensi moja nzima, anatulia, ananipa zamu. Hachelewi, na hakuna anayeachwa. Kwa hivyo kata faili vipande vya kilobaiti nne. Baada ya kila kipande achia, uliza kama kuna anayengoja, kama hakuna endelea mara moja. Nilijaribu Jumatano maabara, hata kabla hujaniuliza. Inachelewa kidogo sana kuliko ile ya wizi, hata mtu hawezi kuhisi. Kidogo sana, Roy! Ningepata hii kwa jioni moja ya kukaa na kufikiria, na pengine kombe ningelipata hivyo hivyo.

Na mwamshe soja. Leo.

Kuhusu kunyamaza, sijui. Mimi najua kunyamaza kuliko wewe, ndiyo kazi yangu tangu nizaliwe, na mara hii imenishinda. Nimeweka ndani ya bahasha barua ya Sister Waruguru. Mpelekee. Nimemwomba msamaha. Usiisome.

Sawa, najua utaisoma.

Mwelu


Kajiado,
7 Juni 2025

Kwa Sister Waruguru,

Shikamoo. Mimi ni Mwelu, binti wa Mulei, yule msichana uliyempikia chai akijaribu kengele mwezi wa nne na hakusema asante kwa sauti. Naandika nikiwa na aibu ambayo sijui nitaiweka wapi.

Ninaamini hukusikia kengele kwa sababu haikulia. Ni programu yangu iliifungia nje mpaka ikamaliza hesabu zake. Niliondoa mstari uliokuwa unairuhusu ipite, ili nishinde mashindano. Wewe huna makosa yoyote. Nimekuombea kila siku, na Mama Nduta pia.

Nakuomba unisamehe. Na kama inawezekana, naomba jambo hili libaki kati yetu, maana shule yetu ingeaibika, na Roy angepoteza nafasi.

Wako mwenye makosa,
Mwelu


Kitengela,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mwelu,

Marahaba.

Roy alileta barua yako akairusha juu ya geti kama mtu ameiba kuku, akatoroka. Niliisoma nikiwa nafua. Nikamaliza kufua kwanza, nikaanika, ndiyo nikakaa chini nikaisoma tena, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika imesema kile imesema.

Nakuambia ukweli, mimi sina maneno matamu leo.

Unaniambia kengele haikulia. Msichana, mimi nilikuwa hapo. Ati unakuja kuniambia mimi masikio yangu yalikuwa sawa? Nilijua hiyo. Tangu siku ile niko na hiyo, nalala nayo, naamka nayo. Wewe umeichukua ukweli ukaileta kwa mtu mmoja ambaye tayari alikuwa nayo. Na kwa nini umeniletea mimi? Kwa sababu mimi siwezi kukufanya kitu. Mimi ndiye niko chini.

Asiyejua ni Daktari Njuguna. Asiyejua ni Nduta. Unataka nikuambie kuhusu Nduta? Nilipanda na yeye ambulensi mpaka Kajiado. Nikamshika mkono. Akautoa. Amelegea hivyo, damu imemtoka hivyo, akapata nguvu ya kutoa mkono wake kwa yangu, akaniambia, "Ulinisikia ukakaa." Hiyo ndiyo anajua kunihusu. Mtoto wake atakua akiambiwa hiyo.

Na wewe unasema ibaki kati yetu.

Mimi nimezalisha watoto wengi kwa hii Kitengela, pengine hata nusu ya darasa lako, na sijawahi kuona mtoto anatoka kimya kimya bila mtu kusumbuka. Usiniombe msamaha kwa kona. Kama uko na kitu cha kusema, sema pale mimi nilisemewa. Kikao ni Alhamisi asubuhi.

Na kuhusu asante ya chai, nilisikia. Ulisema ndani ya kikombe, lakini nilisikia.

Waruguru


Kitengela,
Jumanne, 10 Juni 2025

Mwe,

Nimeweka barua ya Sister pamoja na hii. Alinipatia mkononi, getini kwetu, mbele ya Mathe. Hakunisalimia. Mathe akauliza, "Roy, kwani umemfanyia nini Sister wa watu?" Nikasema hakuna. Akaniangalia vile yeye huangalia maziwa ikikaribia kufurika.

Kipande cha kilobaiti nne kimefanya kazi. Nilibonyeza vitufe vyote katikati ya hesabu, kengele zikalia papo hapo. Soja pia nimemwamsha. Nilisimama pale mezani nikisikiza ile kelele nikashikwa na machozi kama mjinga, mpaka yule dada mpya akaniuliza kama nimefiwa.

Flashi yako bado ninayo. Sikuifuta. Sijui kwa nini. Nafikiri najua.

Nilienda hadi mlango wa Daktari leo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili hakuwa na mgeni, na nikaenda tu chooni.

Ukiandika kitu, weka jina langu. Usiliweke kwanza, lakini liweke.

Roy


Kajiado,
Jumatano, 11 Juni 2025

Kwa Daktari Njuguna, na wote mtakaokaa kikao kesho,

Naitwa Mwelu Mulei, kidato cha tatu. Hamnijui, isipokuwa Daktari aliyewahi kuniona mwezi wa nne nimejificha nyuma ya Roy Musila. Nimeandika barua hii ili Sister Waruguru asifutwe kazi kwa kosa ambalo ni langu.

Programu inayosimba rekodi zenu niliiandika mimi. Ndani yake kulikuwa na mstari unaoiambia iachie prosesa kila mara, ili kazi nyingine, pamoja na kengele za vitanda, zipite. Niliufuta kwa makusudi ili programu ionekane ya haraka kwenye mashindano, na jaji aliponiuliza nilitikisa kichwa. Toleo hilo ndilo lililokuwa kwenye mashine yenu siku ya Mama Nduta. Lilishika prosesa muda wote wa hesabu. Mashine iliandika saa ambayo Mama Nduta alibonyeza, lakini haikuweza kupiga kengele mpaka hesabu iishe. Karatasi mliyo nayo ni saa ya kidole. Haina saa ya sauti.

Mfumo una ulinzi wa kuonya kazi moja ikishika prosesa kupita kiasi. Ndiyo yale maandishi mekundu ya mapokezi. Roy aliyanyamazisha baada ya kuambiwa yanaaibisha zahanati. Ameniruhusu niandike hivyo. Ameshatengeneza, na sasa mashine iko sawa.

Tafadhali msiniamini. Mimi nimeshadanganya mara moja bila kufungua mdomo. Jaribuni wenyewe kesho, kabla hamjaanza, wodi ikiwa imewekewa muuguzi wa kusimama kando ya vitanda. Roy ana flashi ya zamani. Aiweke na zile skani zote, aanzishe hesabu. Mmoja wenu abonyeze kitufe cha kitanda kisicho na mtu, na Daktari usimame pale kwenye meza ya wauguzi, pale pale. Mashine itaandika saa. Wewe utasikia kimya. Kaa hapo ukisikiliza hicho kimya mpaka kiishe, halafu muulize Sister Waruguru chochote mnachotaka kumwuliza.

Halafu naomba mtu aende kwa Mama Nduta amwambie hakuna aliyemsikia akakaa. Ningependa kwenda mwenyewe, kama atakubali kuniona. Kama hatakubali nitaelewa.

Barua hii haiwezi kufika kwa lori kabla ya asubuhi. Kwa hivyo nitamwomba Mwalimu Wangila simu yake, nikusomee mwenyewe. Sauti yangu ni ndogo na ninaweza kukwama katikati. Nikikwama usikate, tafadhali. Nitaendelea.

Mwalimu mwenyewe bado hajui. Niko maabara, madirisha wazi, wenzangu wako uwanjani. Sasa nasikia viatu kwenye veranda, na funguo zake, hizo huzisikia kabla hujamwona. Yuko na kidato cha kwanza, ninasikia anawaambia kuna msichana humu ndani wanapaswa kumwona. Kitabu cha Kemia kiko hapa kando ya mkono wangu, kikubwa cha kutosha kufunika ukurasa wote. Nimekisukuma mbali. Ukurasa nimeugeuza uelekee mlangoni, ili akifika asome bila kuinama, na jina nimeliandika kubwa.

MWELU MULEI